Bi Mkubwa wa Ndani ya Kioo

Machi 4

Sauti iliyobaki masikioni mwangu ni ya kichupa cha kupimia maji kikiangukia vigae. Haikuwa kishindo. Ilikuwa "ti" moja, kama ukucha ukigonga jino. Baba alikuwa anakiweka mezani, ila meza ilikwisha kidogo kabla ya mkono wake. "Kimeteleza," akasema. Mke wake akachukua ufagio, shangazi akapiga honi nje, wakaondoka. Sasa ni saa kumi jioni na bado naisikia.

Baba na shangazi wamekwenda hospitali ya macho, mwendo wa saa tano kwa gari. Jicho la kulia wiki hii, la kushoto mwanzoni mwa Aprili, kisha wiki tatu za kuangaliwa. Muda wote huo baba atakaa kwa shangazi, dada yake, ambaye amekwisha tangaza kwamba mgonjwa haruhusiwi kuinama, kubeba kitu wala kubishana.

Mimi nimeachiwa tangi. Nimemaliza chuo, nina shahada ya kemia na sina kazi, kwa hiyo hakuna aliyeuliza kama nina nafasi. Ni tangi la maji ya chumvi, lita mia nne, limeshika ukuta mmoja wa sebule: mawe, samaki saba, konokono, na matumbawe hai ambayo mgeni huyadhania maua ya plastiki. Baba alikuwa fundi wa friji maisha yake yote. Kila bomba humo ameliunga mwenyewe. Maelekezo yamo kwenye daftari lake. Amri ya mdomo ilikuwa moja tu.

"Mengine yakifa tutanunua," aliniambia, amenishika bega, akiangalia kidogo pembeni ya uso wangu. "Bi Mkubwa asife. Nikifunguliwa macho nataka nimwone."

Bi Mkubwa ni tumbawe. Ana vichwa ishirini na vitatu, kila kimoja na mdomo wake na vidole virefu vya kijani vyenye ncha za dhahabu, vinavyoyumba mchana kutwa. Mama alimnunua akiwa na kichwa kimoja, kama kifungo cha koti, mwaka niliomaliza shule ya msingi. Mama alifariki miaka sita iliyopita. Vichwa vimeendelea kuongezeka kana kwamba hakuna aliyevipa habari.

Jina alilipata baadaye, kwa mke wa baba. "Nimeolewa nikamkuta," alisema. "Yeye bi mkubwa, mimi bi mdogo. Anawashiwa taa, anabadilishiwa maji, na hapiki." Baba alicheka hadi akakohoa. Mimi nilikuwa chuoni, nilisimuliwa kwa simu, na sikucheka.

Machi 5

Mvua imeanza. Jicho la kulia limefanyiwa upasuaji. Salama.

Machi 8

Tangi linaumwa, na sijui kwa nini hakuna aliyesema. Mawe yameota manyoya ya kijani, marefu kama nywele za mtu aliyetoka kuoga. Leo nimeyang'oa kwa vidole nikajaza kikombe. Maji yananuka vizuri, samaki wana furaha. Mwani peke yake ndio unaonawiri kupita kiasi.

Mwani hauli hewa. Chakula cha samaki huwa kinyesi, kinyesi huwa nitreti na fosfeti, na hizo ni mbolea. Penye mwani mwingi pana mbolea nyingi. Lakini kwenye daftari la baba, kila Jumapili, wiki ishirini na mbili mfululizo, fosfeti ni 0.03. Hiyo ndiyo namba ambayo kila mwenye tangi huiombea. Ishirini na mbili bila kuyumba hata mara moja. Nimelitazama daftari hilo kwa fahari. Nidhamu yangu najua nilikoitoa.

Machi 11

Nimenunua kichupa kipya kwenye duka la samaki. Mwenye duka tunamwita Bwana Taratibu kwa sababu ndilo neno lake kwa kila mteja, hata anayelipa. Nimepima: unatia matone kumi, unatikisa, maji yanageuka bluu, unalinganisha na kadi ya rangi. Bluu hafifu ni heri, bluu iliyoiva ni shari. Nimepata 0.03. Mimi na baba tumekubaliana.

Machi 12

Kikombe kingine cha mwani. Mvua.

Machi 13

Mvua.

Machi 16

Nimefikiri siku tatu. Kama kipimo ni kidogo na mwani ni mwingi, basi mwani unaila mbolea kabla sijaipima. Na kama unaila, kuna anayeileta. Baba hayupo. Mimi nalisha mara moja kwa siku, kwa kijiko kidogo. Anabaki mtu mmoja.

Mke wa baba ni fundi cherehani. Mashine yake iko chumba cha mbele, mlango wazi barabarani, na mtaa mzima unamwita Fundi. Yuko humu miaka mitatu; kwa kuwa nilikuwa nakuja likizo tu, tumezoeana kama watu wanaokutana kwenye foleni moja. Sijui nimwiteje, kwa hiyo simwiti. Nikimtaka, namfuata alipo ndipo nianze kusema.

Leo nimekuta kibano chake, kile kirefu cha kuvutia uzi mashineni, juu ya kifuniko cha tangi. Kimelowa.

Nilimkuta anatia kola shati.

"Kuna mtu anawalisha samaki," nikasema.

"Mtu huyo ana jina?"

"Namba za baba ni safi, mwani unaongezeka. Hesabu haikubali."

"Kwa hiyo hesabu imekuambia ni mimi."

"Kibano kimelowa."

Akaacha kukanyaga mashine. "Msomi, ukitaka kunishika uchawi nishike baada ya kula. Njaa na ugomvi havikai sahani moja."

"Sijasema uchawi. Nimesema usiwalishe."

"Basi silishi." Akakata uzi kwa meno. "Kuanzia leo silishi. Akikonda mtu humo usije kunitafuta."

Alisema "mtu". Nilidhani ni utani wake wa kawaida.

Machi 18

Imekuja barua. Maabara ya kampuni ya maji, mji mwingine: wananitaka. Nijibu kabla ya katikati ya Aprili, nianze Mei. Nimeiweka chini ya nguo. Nani atakaa na tangi? Baba atarudi haruhusiwi kuinama. Na huyu mwingine analisha kwa siri.

Machi 19

Hatusemezani. Chakula kinapakuliwa, asante inasemwa.

Machi 22

Samaki nimewapunguzia chakula nusu. Mwani haujali.

Machi 23

Manyoya yamefika kwenye shina la Bi Mkubwa. Kichwa cha pembeni, cha chini kushoto, kimekunja vidole kwa sababu mwani unakikwaruza. Nimepiga magoti mbele ya kioo saa nzima na mswaki wa zamani wa baba. Nilipoinuka vigae vilikuwa vimenichora magotini. Shangazi alipiga simu; nikasema hali ni njema.

Machi 24

Niandike polepole, maana leo nimejifunza kitu na sikumpenda aliyenifundisha.

Ni Jumapili, siku ya kupima. Sebule yetu haifunguliwi pazia. Baba hataki jua ligonge kioo, linakuza mwani. Mwanga wa humo ni wa taa za tangi, na taa za tangi ni za bluu. Nilikuwa nimeinama na kichupa mkono mmoja, kadi mkono mwingine. Fundi akapita na kitambaa cha mteja begani. Akasimama.

"Unafanya nini hapo?"

"Nalinganisha rangi."

"Humo gizani?"

"Kuna taa."

"Taa ya bluu. Unalinganisha bluu juu ya bluu." Hilo alilisema kwa huruma, na huruma ndiyo iliyoniudhi. "Mimi nikimchagulia mtu uzi chini ya taa, kesho anarudi na gauni mkononi na matusi mdomoni. Rangi hupelekwa mlangoni. Lete."

Mlangoni mvua ilikuwa imetulia na mwanga ulikuwa mweupe kama maziwa. Alikishika kichupa kwa ncha za vidole, akakiweka juu ya kadi, akaitelezesha kadi kidogo, akaitelezesha tena. Hakukunja uso wala hakusogeza kichwa. Niliwahi kumwona akifanya hivyo na reli za uzi na sikuwahi kudhani ni ujuzi.

"Hapa," akasema. "Imepita hii, haijafika ile."

Hapo palikuwa 0.5.

Nikarudi, nikateka maji mapya, nikatia matone upya, nikatoka nayo mlangoni mwenyewe. Bluu ya sare ya shule. 0.5. Fosfeti mara kumi na zaidi ya ile tuliyoiandika.

"Lakini baba..." nikaanza.

"Baba yako haoni bluu." Alikuwa anatazama barabara. "Tangu mwaka jana. Nilimshonea suruali mbili, nyeusi na bluu. Akaniuliza kwa nini nimemshonea nyeusi mbili. Nikamwambia zilikuwa bei moja."

"Ulijua."

"Nilijua ya suruali. Ya vichupa sikuijua, huko hakuwa ananikaribisha. Huko palikuwa pake na mama yako."

Wiki ishirini na mbili za 0.03. Hakuwa anaandika alichokiona. Alikuwa anaandika alichokizoea. Mimi nikasoma chini ya taa ile ile nikiwa na namba yake kichwani, nikaiona kwa sababu niliitafuta. Mzee mwenye mtoto wa jicho na binti mwenye macho mazima, wote tukasoma uongo mmoja.

Nilipaswa kumwomba radhi pale pale. Nilisema, "Asante kwa mwanga."

Machi 25

Bwana Taratibu ameniuzia chembechembe za chuma, nyekundu kama kutu. Unazitia kwenye mfuko wa kitambaa, maji yanapita, zinanasa fosfeti.

"Nusu kikombe," alisema. "Uache wiki nzima. Wiki ya pili ongeza kidogo. Taratibu."

"Maji yana hali hiyo miezi mitano."

"Basi yatoe ulivyoyaingiza. Miezi mitano huitoi kwa siku tano."

Nilimsikiliza kwa adabu. Nikachukua makopo matatu.

Machi 26

Nimepiga hesabu: lita, kipimo, uwezo wa kila gramu. Hesabu inasema kikombe kimoja na nusu. Nimetia kimoja na nusu. Fundi amenishonea mfuko wa kitambaa chepesi, mishono miwili miwili, bila mimi kumwomba, niliukuta mezani.

Machi 28

Mlangoni: 0.25.

Machi 30

0.08. Mwani umeanza kufifia, unang'oka kwa kuguswa tu. Nimelala mchana kwa mara ya kwanza tangu baba aondoke.

Aprili 1

Mlangoni, mwanga mzuri: maji meupe kabisa. Nimetia matone mara mbili kuhakikisha. 0.00.

Sifuri nimeipenda tangu shule. Haina mkia wala maelezo. Mwani unaanguka wenyewe vipande vipande na mawe yanaonekana rangi yake. Nimesimama katikati ya sebule nikatamani kila kitu humu ndani kingerudishwa hivyo: weupe wa mwanzo, kabla ya kuongezwa chochote na yeyote. Nimeliandika hilo ili nisije nikasema sikuliwaza.

Aprili 3

Jicho la kushoto limefanyiwa. Baba amepiga mwenyewe.

"Bluu, mwanangu," akasema. "Kuna bluu kila mahali. Shati la dereva ni la bluu. Shangazi yako ana ndoo za bluu tatu, na mimi nilikuwa naziita za kijivu, ananiacha tu."

Nyuma nikamsikia shangazi: "Usicheke! Daktari amesema usicheke."

"Bi Mkubwa?" akauliza.

"Hajambo."

Ilikuwa kweli nilipoisema. Au ilikuwa kweli jana.

Aprili 4

Vichwa vinne havikufunguka leo. Nadhani ni mabadiliko ya mvua.

Aprili 6

Si mvua.

Niliamka nikakuta mchanga umefunikwa utando wa kahawia, kama makamasi, wenye mapovu madogo yaliyong'ang'ania. Nilipouvuta kwa mpira ulinyooka, ukakatika, ukarudi kabla ya saa sita. Konokono wawili wamelala chali. Bi Mkubwa amefumba vichwa vyote. Vidole vimezama ndani, na pembeni ya kila kichwa mfupa mweupe umetokeza, kama fizi iliyorudi nyuma. Rangi ya kijani imepauka. Vichwa viwili nyama yake inaning'inia vipande.

Nilikaa chini. Sikulia, nilianza kuhesabu upya gramu na lita, na hesabu ilikuwa sahihi.

Nikampigia Bwana Taratibu.

"Umefika sifuri?" akauliza kabla sijamaliza.

"Ndiyo."

"Binti, sifuri si usafi. Sifuri ni njaa. Hata tumbawe linakula kidogo katika huo uchafu unaouchukia. Ukiondoa kila kitu, maji hayabaki matupu. Wanakuja wale wasiohitaji kitu. Huo utando ndio wao."

"Nifanye nini?"

"Toa chuma chote. Zima mchana ile mashine ya povu inayochuja uchafu, ili kitu kibaki majini. Zima taa siku tatu, utando unaishi kwa mwanga. Na lisha."

"Nilishe?"

"Nimesema lisha. Unataka niimbe?"

Nilitoa mfuko. Mikono ilikuwa myekundu kwa ile kutu hadi kwenye viwiko. Nilipogeuka, Fundi alikuwa amesimama mlangoni mwa sebule, kanda ya kupimia shingoni. Alikuja akachuchumaa karibu yangu. Hakuwahi kukaa karibu yangu hivyo.

"Amefumba," akasema.

"Mwani umekwisha."

"Naona. Na yeye anakwisha."

Ndipo akaniambia. Hakuniambia kwa kunilaumu. Aliniambia kama mtu anayetaja vipimo.

"Uliponiambia nisiwalishe, nilikuachia. Lakini samaki sikuwahi kuwagusa. Nilikuwa namlisha yeye. Kila Jumamosi, kipande cha kamba wa baharini kila kichwa, kidogo kama punje. Kwa kibano."

"Tangu lini?"

"Tangu niolewe." Akajifuta mikono kwenye gauni ingawa haikuwa na kitu. "Nimemkuta mtu kwake. Nikae nile mbele yake, yeye anaangalia?"

Alipoolewa Bi Mkubwa alikuwa na vichwa tisa. Hilo liko kwenye daftari, kwa mwandiko wa baba ulipokuwa bado umenyooka. Tisa, kisha kumi na viwili, kisha kumi na vinane, kisha ishirini na vitatu. Niliusoma ukurasa huo mara kumi nikadhani ni kazi ya maji mazuri ya baba.

Kwa hiyo, Machi 16 nilimnyang'anya Bi Mkubwa aliyekuwa anamlisha, na Machi 26 nikamnyang'anya kilichobaki majini. Njaa mbili kwa mkupuo, nami nasimama hapo na kichupa nikishangilia weupe.

"Nisamehe," nikasema.

"Nimekusikia. Shika sahani."

Alikata kamba wawili kwa mkasi wa kudarizi. Tukazima pampu, maji yakatulia. Aliingiza kibano taratibu, akaweka kipande juu ya kichwa cha kwanza, akasubiri. Hakuna kitu. Nikataka kusema kitu, akanikanya kwa jicho. Tulingoja muda wa kuchemsha chai. Kisha kidole kimoja kikatoka, cha kijani hafifu, kikagusa kile kipande, kikaganda nacho.

"Haya," akasema, si kwangu. "Haya, bi mkubwa. Usisuse."

Vichwa kumi na saba vilishika. Sita havikushika.

Aprili 7

Giza ndani ya tangi. Nimelifunika kwa mashuka, yeye ameyabana kwa pini zake.

Aprili 8

Giza. Tunalisha kwa tochi, dakika tano. Kumi na saba.

Aprili 9

Mashuka yametolewa. Utando umebaki kama kivuli kwenye kona moja. Nimeuvuta wote. Vichwa sita vimekuwa mifupa mitupu. Nimeviacha hapo hapo, sitavivunja.

Aprili 10

Kumi na saba bado.

Aprili 12

Nilikuwa nimeandika barua ya kuikataa kazi. Sentensi tatu, za heshima. Fundi aliingia kunidai mkasi akaiona mezani. Sikuwahi kumwambia habari hiyo. Aliisoma amesimama, wima, kama anavyosoma vipimo.

"Sababu za kifamilia ndizo mimi?"

"Ni tangi."

"Tangi lina pampu nne, lina taa, lina mimi." Akairudisha mezani, akainyoosha pembe zake. "Sikulazimishi. Ila usije ukanifanya sababu ya kitu ambacho sikukizuia."

Akachukua mkasi akaenda zake.

Aprili 13

0.02, mlangoni, yeye amesoma. Nilijaribu kusoma kabla yake na nikaandika jibu langu kiganjani: 0.05. Tulipofungua kiganja alicheka hadi mteja aliyekuwa anasubiri kipimo akataka kuelezwa. "Chuo kizima hicho," akamwambia mteja, "kimeshindwa na reli ya uzi." Nilicheka pia. Nimeandika hapa kwa sababu nilijishangaa.

Aprili 17

0.05. Mvua inanyesha kwa zamu, asubuhi tu.

Aprili 20

Jumamosi. Mama mdogo amelisha, mimi nimeshika sahani. Vichwa vyote kumi na saba viliwahi kushika kabla hajaondoa kibano. Cha juu kabisa kimemng'ang'ania kibano hadi akasema, "Hicho ni changu, mwenzangu, nakishonea."

Nimesoma juu nikaona nimeandika mama mdogo. Sifuti.

Aprili 23

0.06. Mwani uko: nyasi fupi nyuma ya jiwe kubwa, kiganja kimoja. Nimeuona nikafurahi. Bwana Taratibu anasema tangi lisilo na mwani hata kidogo ni picha.

Aprili 28

Baba amerudi.

Shangazi alimwingiza akiwa na miwani mieusi mikubwa kama ya mwanamuziki, na orodha ya makatazo. Baba akasimama mbele ya tangi akaivua. Nilisikia pampu, nikasikia pua ya mama mdogo.

Alihesabu kwa kidole, midomo ikichezacheza. Akarudia.

"Kumi na saba," akasema.

"Sita walikufa, baba. Ni mimi. Niliyasafisha maji kupita kiasi."

Nilikuwa nimeandaa maelezo ya gramu na lita, yakanikauka. Alivuta kiti, akaketi. Akaomba daftari, akaomba kadi ya rangi. Aliitazama kadi kwa muda mrefu, akaigeuza, akaitazama tena.

"Hii ni bluu," akasema. "Na hii ni bluu. Na hii." Akafungua kurasa zake, wiki ishirini na mbili, akapitisha kidole chini ya safu. "Nilikuwa naziona zote kama maji ya kuoshea vyombo. Nikasema, ilikuwa 0.03, itakuwaje isiwe 0.03." Kisha akaanza kucheka, polepole, akijishika mbavu.

"Usicheke!" akasema shangazi.

"Niache, dada. Nimekuwa nikijiandikia barua mwenyewe."

"Mmoja hakuona, mwingine aliona kupita kiasi," akasema mama mdogo. "Namshukuru Mungu mimi nashona."

Baba alimgeukia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona vizuri baada ya mwaka mzima, kwa jinsi alivyomtazama; hata shangazi akajitafutia shughuli jikoni. "Gauni hilo ni la bluu," baba akasema.

"Limekuwa la bluu siku zote."

Jioni nilimkuta baba ameweka kiganja kwenye kioo, upande wa mifupa. Nilisimama naye. Baadaye akasema, "Mama yako alianza na kimoja," akaenda kulala.

Ni asubuhi sasa; nimelala kwa muda wa saa tisa bila kuota.

Mei 4

Naandika haya kwenye chumba cha kupanga, kitanda kimoja, dirisha moja, kilomita mia tatu kutoka sebule ile. Ile barua ya sentensi tatu niliichana Aprili 14 na nikawajibu maabara siku hiyo hiyo kwamba nakuja. Nilimwambia baba aliporudi, mama mdogo alikuwa amekwisha jua kwa kuona nimeomba anirefushie sketi ya kazini. Jumatatu naanza.

Leo ni Jumamosi. Mama mdogo amenipigia saa nne.

"Kumi na saba wamekula," akasema. "Na mwenzio wa juu anapasuka midomo miwili."

"Anapasuka?"

"Anagawanyika, msomi. Hesabu kumi na nane kabla mwezi haujaisha. Maji 0.05, nimesoma mlangoni. Baba yako anataka kusoma yeye, nimemwambia akae foleni."

Nilisikia baba akilalamika kwa nyuma, na cherehani ikilia.

Jambo moja sikumwambia. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimemwandikia maelekezo: kurasa nne, pande zote mbili, namba ya kila tone, saa ya kila taa, nini afanye kikitokea hiki, nini asifanye kikitokea kile. Nilipanga kuyaacha chini ya daftari. Asubuhi ya safari nilimwona kupitia mlango amekiinua kichupa kwenye mwanga, hajui kama nipo, midomo imetulia. Nikarudi chumbani, nikazichana kurasa zote nne, nikatia vipande kwenye pipa la jikoni, nikabeba begi langu nikatoka.